Dereva Asiyeshuka Garini

Safari yangu ilitokana na mkono wa kushoto. Bosi wangu wa Malaz, Riyadh, alitaka kuitembeza familia yake Uingereza, kisha wavuke kwa feri hadi Ufaransa. Uingereza huendesha kushoto kama kwetu Kenya, Ufaransa kulia kama Saudia, na wa kuyaweza yote mawili nilikuwa mimi. Nikavimba kichwa.

Jeddah tulipita siku moja, bosi amuage mama yake. Nikaenda mtaa wa Ghulail kwa binamu yangu Wafula.

"Bro, likizo utaomba lini?" akaniuliza. "Binti yako ana miaka mitatu na hujawahi kumshika. Ama unangojea mahari?"

Nikacheka, lakini iliniuma. Niliogopa kuomba, maana dereva akienda likizo huweza kurudi akute mwingine kakalia kiti chake.

Tulipomaliza kuzunguka Uingereza, asubuhi moja katika bandari ya Dover niliingiza gari tulilokodi tumboni mwa feri. Familia ikapanda ngazi. Mimi nikalaza kiti, nikajinyoosha. Riyadh dereva husubiri garini. Nimesubiri nje ya harusi, hospitali na maduka yote. Mara mhudumu akagonga kioo.

"Hapa hakai mtu."

"Mimi ni dereva," nikamjibu kwa fahari.

"Hata dereva."

Nikabishana naye mpaka bosi mwenyewe akashuka kunichukua.

Juu, kiti kilichobaki kilitazamana na bosi. Tangu aniajiri nimezungumza naye kupitia kioo cha ndani. Sasa ni uso kwa uso, na sina usukani wa kushika. Feri ikayumba. Madam, mke wa bosi, akafumba macho, bosi akang'ang'ania meza. Nikaona leo sote tunamwomba Mungu mmoja, nami nikaomba langu.

"Bosi, nina mtoto sijawahi kumwona. Naomba likizo."

"Mtoto? Ana umri gani?"

"Miaka mitatu."

"Na mbona hukusema?"

"Nilisubiri uniulize."

"Subhanallah! Nitamuuliziaje mtoto nisiyemjua? Halas, basi, tukirudi utaenda. Gari nitaendesha mwenyewe."

Madam akafumbua macho kwa hofu.

Calais, upande wa Ufaransa, nilihamia kulia bila kumkwaruza mtu. Wiki mbili baadaye tulikuwa Riyadh, na ruhusa yangu ikatoka. Nimejifunza kwamba kusubiri ni kazi nzuri ya dereva, lakini baba haimfai.

Siku ya mwisho kabla ya kusafiri nilienda soko la Batha kumnunulia binti yangu viatu. Muuzaji akaniuliza namba ya mguu. Nikampigia mke wangu simu.

"Sikwambii," akasema. "Njoo umpime mwenyewe."