Nduwayo na Mgebuka wa Sarafu

Hapo Bangwe, mche wa sabuni ya mawese usio na alama ya Nduwayo ulikuwa kipande cha mafuta tu. Si kwamba yeye alipika sabuni, la. Alichonga vibao vya mninga vya kugongea nembo: huyu anataka jogoo, yule nanasi. Na alichonga hasa! Kuna wanawake waliofulia upande wa nyuma tu ili jogoo asifutike. Anayebisha na abishe, lakini jogoo wa namna ile hajamwona.

Siku moja akaja Mwanvua, mpika sabuni wa Ujiji, mwanamke ambaye mdomo wake haujui likizo. Mkononi ana kipande cha gazeti kilichofungiwa vitumbua.

"Mzee Nduwayo, soma hapo kwenye mafuta. Serikali inaita wasanii."

Nduwayo alisoma taratibu, kidole kikitangulia. Kweli, walitakiwa wasanii wa kubuni sarafu na nishani mpya. Sarafu ionyeshe kiumbe wa majini. Mfano uwe wa plasta, mpana kama sahani.

"Sahani? Sarafu gani hiyo, ya kulia ugali?"

"Wana mashine ya kuipunguza," alijibu Nduwayo, kama vile mashine yenyewe aliizaa yeye. Moyoni swali lilimwasha: samaki akipunguzwa hivyo, magamba yanabaki?

Plasta aliyoijua ilikuwa moja tu, ile ya kufungia mguu uliovunjika. Akaenda zahanati.

"Umevunjika wapi, mzee?" aliuliza muuguzi.

"Sijavunjika, Sista. Nataka kumfunga samaki."

Muuguzi alicheka mpaka akashika meza, akampa unga uliobaki kwenye mfuko.

Nduwayo akachonga mgebuka, samaki wa ziwa lao, kwenye plasta siku tatu. Alipomwita Mwanvua aje kusifu, mama huyo aliinama, akapapasa.

"Mbona samaki wako kaingia shimoni?"

Kumbe! Miaka yote alizoea kuchonga shimo ili sabuni ndiyo iinuke, na hapa mkono ulikwenda na mazoea yake. Nduwayo akadai amefanya makusudi. Akapaka mawese humo shimoni, akamimina plasta nyingine juu. Ilipokauka akaibandua, na mgebuka akapanda juu, mnene, kama ametoka ziwani sasa hivi.

"Mana yanje!" alisema mwenyewe kwa Kirundi chake, akimwita Mungu.

Ikabaki karatasi ya maelezo: jina, makazi, uraia. Hapo kalamu ikasimama. Mwaka ule Warundi waliokaa mitaani walikuwa wakikusanywa kupelekwa kambini, na yeye angeandika kwa mkono wake mahali pa kumkuta.

"Andika jina langu," alisema Mwanvua. "Babu yangu kazikwa Ujiji, nani ataniuliza?"

Nduwayo aliwaza. Samaki akishinda, angeitwa wa Mwanvua mpaka mwisho wa dunia.

"Oya, hapana. Wakikuuliza umemchongaje utasema nini? Kwamba ulimkoroga sufuriani?"

Akaandika: Nduwayo, Bangwe, Mrundi, nipo hapa tangu mwaka sabini na mbili. Mzigo ukapanda treni.

Miezi minne baadaye mtendaji wa kata akasimama mlangoni. Nduwayo akajua ni safari ya kambini. Aliingia ndani akavaa viatu, akachukua koti.

"Unakwenda wapi, mzee? Nimeleta barua tu."

Barua ilisema mfano wake hauwezi kushindanishwa kwa kuwa msanii si raia. Chini yake, kwa kalamu na mwandiko mwingine, palikuwa na maneno haya: *Mzee, ofisi nzima tumebishana. Magamba haya uliyapata kwa chombo gani?*

Maneno ya juu Nduwayo aliyasoma mara moja. Ya chini aliyasoma mpaka Mwanvua, aliyemfuata mtendaji ili asikie habari, akachoka kusubiri. Kisha akavua koti, akaketi, akaanza kujibu: ni njiti ya mwavuli, ile yenye mfereji. Unaikata mshazari, unaigandamiza kidogo kidogo.

"Ala! Miaka kumi nakuuliza, unaniambia ni kipaji," alifoka Mwanvua. "Leo unampa mtu usiyemjua!"

"Wewe ungeniharibia soko."

Akachora safu za magamba ukingoni mwa karatasi. Mtendaji, ambaye kazi yake ilikuwa imekwisha na angeweza kuondoka, akasogea akachungulia begani kwake.

"Kwa hiyo unaanzia kichwani?"

"Mkiani, bwana mtendaji. Gamba la mbele hulalia la nyuma. Ukianzia kichwani utamvua nguo."