Seremala na Bibi Harusi

Nifumbe macho, uniwekee mkononi simu yoyote kati ya zile kubwa za bei, nami nitakuambia ni ipi na ya mwaka gani. Nimeuza simu Likoni, hatua chache kutoka feri, kwa miaka kumi na mmoja, na vidole vyangu vimezoea pembe na mapindo ya kila toleo lililopita hapa. Wateja huniingilia dukani wakiwa wameshagombana njiani: huyu kasoma mtandaoni hivi, yule kaambiwa na binamu yake vile. Huwaacha waseme mpaka pumzi ziwaishie. Kisha nazitoa simu mbili kabatini, nazilaza mezani kifudifudi, na mjadala unaanza upya kwa masharti yangu.

Simu hizo ni za kampuni mbili zinazotunishiana misuli, na kila mwaka kila moja hutoa kubwa lake kulipiku la mwenzake. Majina ya kwenye boksi siyataji, maana mtu akishasikia jina haoni tena kilicho mbele yake. Nimezipa majina yangu. Moja ni Seremala. Ni pana, ina pembe nne kali, na chini yake imechomekewa kalamu kama fundi wa mbao aliyechomeka penseli sikioni. Kamera zake zimetokeza moja moja mgongoni bila kuona haya. Aliyeichora aliamini kwamba binadamu ana kazi nyingi na anataka vifaa vyote viwe karibu. Ya pili ni Bibi Harusi. Ubavu wake umelainishwa usikuume kiganja, kamera zimekusanywa pembe moja, na kioo cha mgongoni kimetiwa ukungu ili jasho lisiache alama. Haina kalamu wala mahali pa kuweka kidole. Ukitaka ifunguke, uitazame, nayo ikutazame, ndipo iridhike.

Hapo kwenye kufungua ndipo ninapopenda kusimama. Watu hubishania kamera, lakini kamera zote mbili zitakupigia picha ya sinia la pilau hadi utamani kulamba kioo. Tofauti iko mlangoni. Seremala anataka mkono wako, Bibi Harusi anataka uso wako. "Niambie wewe ni mtu wa mkono au wa uso," humwambia mteja, "nami nitakwambia uondoke na ipi." Wengi hucheka, kisha hununua.

Mama yangu hakuwahi kuwa mteja wangu. Anakaa Mtongwe, katika nyumba waliyoijenga na marehemu baba, pamoja na kaka yangu, wifi yangu na watoto wao, na kazi yake ni kusuka mikeka. Simu yake ya zamani ilikuwa na ufa katikati na haikuwa na kufuli, kwa hiyo ilikuwa ya kila mtu. Watoto waliitazamia katuni. Wifi aliitumia kila simu yake ilipoisha chaji. Mimi nilikuwa nikifika Jumamosi naifungua, namsomea meseji zake, na zile nilizoona hazina maana namfutia ili simu isijae.

Siku moja, nilipomwamkia na kuketi, hakungoja hata nivue viatu vizuri.

"Mwanangu, nataka simu."

"Si unayo, mama?"

"Nataka simu itakayonifungukia mimi peke yangu."

Binti mwingine angeuliza kwa nini. Mimi nilisikia mteja. Nilifurahi kiasi cha kumwambia asiwe na wasiwasi, kwamba amekuja penye wenyewe, na Jumamosi iliyofuata nikamletea zote mbili kwenye mkoba, Seremala na Bibi Harusi, achague mwenyewe. Kusema kweli nilikuwa nimeshamchagulia. Mama ni mtu wa mkono kuliko mtu yeyote ninayemjua, na moyoni nilishamwona na Seremala.

Tulianza na kidole gumba cha kulia. Simu ikamwambia abonyeze, ainue, abonyeze tena. Akabonyeza kwa adabu zote. Ikamwambia ajaribu kidole kingine. Tukaenda kidole hadi kidole, mkono wa kulia kisha wa kushoto, tukafika kidole cha mwisho na simu bado haijaona kitu. Nikamnawisha kwa sabuni, nikampaka mafuta ya nazi, nikayafuta, tukarudia. Miaka arubaini ya kuvuta miyaa, majani makavu ya kusukia, kati ya gumba na kidole cha shahada, kusuka ukili, ule utepe wa mkeka, na kuushona, ilikuwa imeila mistari yote. Nilivishika vidole vya mama nikavitazama kwenye mwanga wa dirisha. Ncha zake zilikuwa laini na ziking'aa kama kijiko kilichotumika sana.

"Basi simu hino yasema mimi si mtu," alinena mama, akacheka.

Mimi sikucheka. Nilikasirika, wallahi. Aliyechora kioo kile alikaa kwenye ofisi yenye ubaridi akawaza kidole, na kidole alichokiwaza kilikuwa chake mwenyewe, kidole cha kushika kikombe cha kahawa. Hakumwaza mtu ambaye kazi imemfuta alama. Seremala naye hujua kutazama uso, lakini hutazama kwa kamera tupu, na niliwahi kumfungua dukani kwa picha tu ya mwenye simu, kwa hiyo sikutaka hata kumjaribisha mama. Nikamrudisha mkobani.

Bibi Harusi hakutusumbua. Mama alivuta mtandio nyuma kidogo, akazungusha kichwa taratibu nilivyomwelekeza, mara moja, mara mbili, na mambo yakawa yamekwisha. Akaizima. Akaitazama. Ikafunguka.

"Yanijua!" akasema. Akaizima tena, akaitazama tena. "Mwanangu, yanijua!"

Nilimwekea namba ya siri ya tarakimu sita, kwa sababu njiani huvaa nikabu na simu haiwezi kumtambua kwa macho tu. Namba niliichagua mimi, kama ninavyowachagulia wazee wengi, ili akiisahau niwepo. Nikarudi Likoni nikiwa nimejaa fahari. Nilikuwa nimempa mama yangu mlango wake mwenyewe, na tena kwa sababu sahihi za kiufundi.

Miezi iliyofuata, kila nilipokwenda Mtongwe alikuwa na jambo. Picha za wajukuu hazionekani, sauti imepotea, herufi ni ndogo mno kwa mato yake. Mimi nachukua simu, ninaitazama, inanikataa, naandika namba, naendelea na kazi. Nadhani nilifanya hivyo mara ishirini au thelathini. Niseme pia kwamba watu wa Mtongwe hawaniulizi mimi ni wa nani. Hunitazama tu wakasema nimemtoa mama mzimamzima: paji la uso, pua, hata mwanya wa meno ya mbele. Nimelisikia tangu utotoni, na sikuwahi kufikiri kwamba lina uhusiano wowote na kazi yangu.

Jumamosi moja asubuhi mama alitoka uani kuanika miyaa. Simu yake ilikuwa kwenye mkeka, karibu na beseni la maji. Niliiokota ili isilowe, sikuwa na nia nyingine. Nikaitazama kama mtu anavyotazama simu yoyote iliyo mkononi mwake, na ikafunguka.

Jambo la kwanza lililonijia, na silionei fahari, lilikuwa furaha ya fundi. Nilielewa papo hapo. Simu ile ikikukataa kwa tofauti ndogo, kisha wewe hapo hapo ukaandika namba iliyo sahihi, hudhani ni wewe uliyebadilika, huuchukua uso huo ikauongeza kwenye kumbukumbu yake. Ndiyo maana mwanamume akifuga ndevu haimtupi. Kwa miezi yote ile nilikuwa nikiifundisha uso wangu, na kwa kuwa uso wangu ni wa mama, ilifundishika. Nilikuwa bado nikiistaajabia akili hiyo macho yaliposhuka kwenye maneno.

Yalikuwa ya mzee mmoja wa Bofu, mwalimu wa madrasa, aliyefiwa na mkewe miaka mingi iliyopita, ambaye hununua mikeka ya mama kwa ajili ya wanafunzi wake. Aliandika: "Bado nalingoja jawabu lako kuhusu posa yangu. Kama ni hapana niambie, heshima yako kwangu ni ile ile." Chini yake mama alikuwa ameandika: "Si hapana. Nipe muda. Mwanangu wa kiume hana neno. Wa kike ndiye nimwogopaye."

Nilisoma sentensi ile ya mwisho mara tatu. Niliona wivu kwa niaba ya baba, baba aliye kaburini mwaka wa sita sasa. Nilimkasirikia kaka aliyejua akanyamaza. Kisha aibu ikaja ikavifunika vyote viwili, maana mimi ndiye wa kike, mama hana mwingine.

Ningeweza kuizima, nikairudisha mkekani, tukanywa chai. Mama asingejua. Lakini nilikuwa nimemuuzia kitu kwa sharti moja tu, na sharti hilo lilikuwa limevunjika mikononi mwangu. Duka langu halijawahi kumficha mteja kasoro ya simu, na sikutaka kuanza na mama yangu.

Alipoingia nilikuwa nimeishika.

"Mama, simu yako imenifungukia."

"Si wajua namba?"

"Sikuandika namba. Nimeitazama tu. Imenidhani wewe."

Nikamweleza kuhusu kukataliwa na kuandika namba, na jinsi nilivyoifundisha mwenyewe bila kukusudia. Alisikiliza akiwa amesimama, mikono imelowa. Nilipomaliza alijifuta kwa leso, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Hadi wapi?"

"Hadi pale unaponiogopa."

Mama akaketi. Nilitarajia ukali, na ningeupokea kwa shukrani, kwa sababu ukali najua kuujibu. Alichosema alikisema kwa upole.

"Mwanangu, wewe hodari. Sikatai, nami najivunia. Lakini uhodari wako haungoji mtu. Buibui langu la Idi hunichagulia wewe. Daktari wa mato wamchagua wewe. Nakwambia nataka simu yangu peke yangu, waniletea, halafu namba waitia wewe. Hukuniuliza nataka kuficha nini. Siku ile nilijiweka tayari. Ungeniuliza, ningekwambia."

"Unadhani ningekataa?"

"Sijui kama ungekataa. Najua ungenijibia."

Nilikuwa na hoja nne tayari mdomoni. Huwa nazo siku zote. Kwamba ni mimi ninayempeleka hospitali, kwamba nyumba ile ni ya baba, kwamba watu watasema, na kwamba yule mzee ana watoto wakubwa ambao hatuwajui tabia. Zilipangana vizuri kabisa, na mama alikuwa akinitazama akizingoja, kwa uso ule ule ninaouona kwenye kioo kila asubuhi. Nikazimeza. Sijawahi kumeza kitu kichungu vile, na sitasema nilifanya hivyo kwa moyo mweupe. Nilifanya kwa sababu ya neno lile, kuogopa. Sikulea wala sikuzaa, lakini najua mama hafai kumwogopa mwanawe.

"Tuanze upya," nikamwambia. "Futa uso uliomo. Kisha usajili wako, halafu utie namba unayoijua wewe tu."

"Nikisahau je?"

"Ukisahau, vyote vilivyomo vitapotea, na hata mimi sitaweza kukusaidia."

"Ndiyo niitakayo," akasema mama, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akatabasamu.

Nikamwonyesha pa kubonyeza, nikampa simu, nikaukabili ukuta. Bado nasema Bibi Harusi ni simu iliyofikiriwa vizuri, na mteja akija kesho nitamwambia hivyo bila kigugumizi. Kosa la siku ile halikuwa la aliyeichora. Nilisikia mama akizungusha kichwa, shanga za ukingo wa mtandio wake zikigongana kidogo. Kisha tarakimu sita, moja baada ya nyingine, taratibu. Kisha sita tena za kuhakikisha.

Nilidhani ataniambia nigeuke. Nikasikia mlio mdogo ambao simu hutoa inapoanza kurekodi sauti.

"Asalaam aleikum," alisema mama, kwa sauti nisiyoijua, sauti ya mwanamke na si ya mama. "Jawabu langu ni ndiyo. Njoo Ijumaa baada ya alasiri na watu wako, inshallah. Binti yangu ashajua. Ndiye atakayewapokea."

Mlio wa kumaliza haukuja. Bila shaka kidole chake kilikuwa bado kwenye kioo, simu bado yarekodi.

"Sivyo, mwanangu?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza swali gumu kama hilo, na hakukuwa na mahali pa kujificha, maana jibu langu lingekwenda pamoja na lake. Nilikuwa bado nimeukabili ukuta.

"Ndivyo, mama," nikasema, kwa sauti ya kutosha kufika Bofu.