Kidude Kilichoninyima Kumzika Baba

Kidude kidogo, kama kifungo cha shati, ndicho kilichoninyima kumzika baba yangu. Msinionee huruma bado. Someni kwanza.

Naitwa Ramla, fundi wa ndege ndogo hapa Lubumbashi. Asubuhi ile mdogo wetu Amisi alipiga simu kutoka Kalemie. Baba amefariki. Presha, alisema. Maziko ni leo hii, baada ya alasiri.

Sisi Waislamu hatuchelewi kuzika. Nikamkimbilia Symphorien, rubani wetu, aliyekuwa anapeleka dawa huko huko.

"Yaya Ramla, ingia na mudogo yako," alisema, kwa heshima ya dada mkubwa. "Nitabafikisha."

Mdogo wangu Rehema akakaa nyuma, mtandio umelowa machozi. Mimi nikakaa mbele. Symphorien akawasha pampu ya petroli.

Tak. Kidude kikachomoka kwenye dashibodi.

Hicho ndicho kinachokata umeme waya ukipata shida. Symphorien hata hakukitazama. Akakirudisha kwa dole gumba.

Tak tena. Safari hii akakirudisha, akakibana kwa kidole.

"Unafanya nini?"

"Ni sawa na kwa nyumba tu. Disjoncteur inashuka, unaipandisha. Courant ya Lubumbashi, si unaijua?"

Naijua sana. Mji mzima tunaishi hivyo. Umeme unakatika, unarudi kwa hasira, kidude cha ukutani, hiyo disjoncteur, kinashuka, tunakipandisha huku tunaongea mambo mengine. Mkono umeshazoea.

Halafu pua yangu ikapata harufu ya petroli.

Nilitaka kujiambia ni pipa la pale nje. Wallahi nilitaka. Baba alikuwa ananisubiri.

"Zima," nikasema. "Zima yote. Rehema, shuka."

"Yaya, banamuzika leo," Rehema akasema.

"Najua. Shuka."

Symphorien akanuna. "Na dawa ya bagonjwa? Bananingojea kule."

Nikachomoa nyaya za betri, nikafungua sakafu.

Waya wa pampu ulikuwa umesuguana na mpira wa kupitisha petroli mpaka ukabaki uchi. Mpira wenyewe unavuja. Zulia lilikuwa limelowa petroli chini ya kiti alichokalia Rehema.

Symphorien alikitazama kidole chake.

Rehema alienda kukaa kwenye kivuli cha bawa, akanipa mgongo. Alasiri ikapita. Baba akazikwa bila sisi.

Jioni Amisi akapiga tena. Nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Yaya, nilikuficha kitu. Nilitaka ufike kwanza. Papa hakukufa na presha. Ni moto."

"Moto gani?" nikauliza.

"Courant ilikuwa inamusumbua, friji yake inazima kila saa. Akafunga disjoncteur na kipande ya mpira, isishuke tena. Waya ikawaka mu ukuta. Moshi ikamukuta mu kitanda."

Simu ilikuwa sikioni. Mkono wa pili ulikuwa bado umeshika ule waya uchi niliokuwa nimeutoa ndegeni.

Simu ina sauti kubwa, na Rehema alikuwa amesikia yote. Akaja, akanishika mkono wangu hivyo hivyo na grisi yake, tukalia.

Nyinyi mnaosoma, mlio Kasapa, mlio Kasungami, popote mlipo: kidude kikishuka, kiacheni chini. Tafuteni kwanza kwa nini kimeshuka. Inukeni mkaangalie kwenu sasa hivi, maana kuna mtu amekifunga kwa mpira na anaona ameshamaliza shida.

Baba naye aliona hivyo.