Uvimbe Ubavuni mwa Mama

Mama alikuwa mwanamke wa sauti. Akigombana na kuku uani kwetu Jadida, mjini Wete, majirani hucheka vibarazani mwao. Mwaka ule akaanza kunyamaza. Chakula akikisukuma kando, mkono hautoki ubavuni. Siku moja nikimkanda, vidole vyangu vikagusa kitu kigumu, kama kiazi kilichozikwa chini ya ngozi.

Hospitali ya Wete wakatupa rufaa, tukavuka bahari kwenda Unguja. Huko alipasuliwa, akakatwa kipande cha utumbo. Daktari aliniita pembeni. "Kwa macho, hii ni saratani," akasema taratibu. "Lakini tumepeleka kinyama kupimwa. Tungoje."

Mama aliusoma uso wangu, akajua. Tuliporudi Wete kungoja majibu, aliwaita mashoga zake, akawaomba radhi, akawagawia kanga zake, hata ile aliyoivaa siku ya harusi yangu.

"Mama, hujafa," nikamwambia.

"Ndo maana nagawa kwa mkono wangu."

Majibu yalipofika, daktari wa Wete aliyasoma, akavua miwani, akayasoma tena. "Bi mkubwa, si saratani. Ni fangasi. Hawa hukaa kwenye udongo na majani yaliyooza. Ni nadra sana kuingia tumboni. Wakiingia hufanya uvimbe unaotudanganya hata sisi. Dawa ipo, ila utaimeza miezi mingi."

"Fangasi?" Mama akamkodolea macho. "Kwani tumbo langu mkate ulolala?"

Daktari mwenyewe alicheka. Mimi nilicheka huku nikifuta machozi kwa ncha ya buibui.

Vidonge vilimtesa. Kila akivimeza alishikwa na kichefuchefu, akavilaani, kesho akavimeza tena. Kidogo kidogo mwili ukamrudi. Mashoga wakamletea kanga zake, naye akawafukuza mlangoni: "Mwataka nife tena ndo nigawe upya?" Ile ya harusi tu ndiyo aliyoipokea, tena haraka.

Msimu wa karafuu ulipoingia alikuwa mkekani pamoja nasi, anachambua vikonyo na kuwasema walio wavivu. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, mpaka uzee ukamchukua kwa upole. Binti yangu alizaliwa katika miaka hiyo. Jioni Mama alikuwa akimkalisha baina ya magoti yake, akamsuka nywele kwa vidole vinavyonukia karafuu, na mtoto akasinzia kabla ya msuko wa mwisho.