Katibu wa Kesi Yake Mwenyewe

Mwandiko wa Marie-Claire ni mzuri mno, na ndio uliomponza mume wake. Lakini tusikimbilie huko. Kwanza mwanamke mwenyewe ajulikane, maana watu wengi hapa Brussels wanamjua nusu nusu.

Alizaliwa Bukavu, akasoma kwa masista ambao herufi ikiinama vibaya walikuchapa rula ya vidole. Alifika Ubelgiji akiwa na miaka ishirini na sita, mkimbizi mwenye begi moja. Akafagia ofisi za watu, kisha akasomea kazi ya kuhudumia wazee majumbani, na mpaka leo ndiye anayewaogesha na kuwavalisha soksi wazee wa mtaa wa Evere. Baadhi yao hawakumbuki tena majina ya watoto wao, lakini wanajua kwamba saa mbili asubuhi Marie-Claire atabisha hodi. Kanisani huu ni mwaka wake wa kumi na mbili akiwa katibu wa kwaya. Jina lake hakuna anayelitumia. Ni Maman Noé, kwa mwanawe wa pekee. Anaongea polepole, hana makuu, na ukikaa naye kwenye basi utadhani hana hata moja la kusimulia.

Désiré, mumewe, yeye ni mtu wa watu. Kwenye matanga ndiye wa kwanza kubeba viti, na kwenye harusi huchekesha meza nzima. Nyumbani alikuwa anampiga mkewe. Lisemwe hivyo hivyo kavu, kwa sababu kwa miaka mingi lilikuwa linazungukwa: "wana shida kidogo," "ile nyumba ina kelele." Hapakuwa na kelele yoyote. Palikuwa na mtu mmoja anayepiga na mwingine anayepigwa.

Simu zote za nyumba hiyo zilikuwa katika mkataba mmoja, kwa jina la Désiré. Hilo peke yake halina ubaya, familia nyingi hufanya hivyo kwa sababu ni nafuu. Ila kila mwezi Désiré alichapisha orodha ya namba zote ambazo mkewe alizipigia, akasubiri sahani ziondolewe mezani, akaanza kuuliza: huyu nani, na huyu nani, na huyu dakika kumi na nne mlikuwa mnaongea nini? Marie-Claire alijibu moja baada ya nyingine. Jibu lisipomridhisha bwana, mkono ulifuata.

Sasa, Marie-Claire ana mdogo wake wa mwisho, Jémima, aliyekuwa amebaki Bukavu. Februari ya 2025 vita vilipoingia mjini, Jémima alitoka kwa miguu na watoto wawili. Njiani wakamnyang'anya simu. Baada ya siku tisa alipiga kwa simu ya mtu asiyemjua, akiwa ameshavuka upande wa Burundi.

"Dada, sina numéro ingine mu kichwa," alisema. "Ni yako tu njo najua."

Kabla hajataja alipo, laini ikakatika. Ukapita mwezi bila neno. Majirani wa zamani wametawanyika, hakuna wa kumuuliza. Marie-Claire akawa haiachi simu yake hata akienda kuoga, akiifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuitundika kwenye bomba.

Mwishoni mwa Machi, baada ya kupigwa mpaka jirani akagonga ukuta, aliomba familia iingilie kati. Ndivyo tunavyofanya. Wazee wanane walikutana Evere, sebuleni kwa tonton Sylvestre, mkubwa wa ukoo wa Désiré. Zikaja soda, ikaja bia, na kabla ya neno la kwanza likaja swali la nani ataandika PV, kwa sababu mkutano wa Wakongomani bila kumbukumbu iliyoandikwa na kusainiwa si mkutano, ni maongezi. Mmoja alisahau miwani. Mwingine mwandiko wake hausomeki hata na yeye mwenyewe. Macho yote yakamgeukia mwanamke aliyeketi kwenye kiti cha pembeni, shavu limevimba.

"Maman Noé," akasema tonton Sylvestre, "ni weye uko na écriture ya muzuri. Andika."

Wakampa kalamu. Mwenye kesi akafanywa karani wa kesi. Ukifikiria vizuri inachekesha, na ukiendelea kufikiria unataka kulia. Marie-Claire alivuta meza ndogo, akapiga mstari wa pambizo, akaandika tarehe na majina ya waliohudhuria kwa Kifaransa safi cha masista.

Désiré alianza kulalamika.

"Iyi numéro mimi njo nalipa, mais ni yeye njo anatumia! Matin, midi, soir, miaka kumi sasa! Na batu ya Bukavu tu!"

Akaitaja ile namba tarakimu kwa tarakimu, katibu akaiandika tarakimu kwa tarakimu.

"Bon," akauliza tonton. "Na weye, unamupigaka?"

"Tonton, namupigaka mara moja moja, ya kumurekebisha tu. Ni bibi yangu."

Wengine wakatikisa vichwa, mmoja akacheka kidogo puani. Baraza likaamua kwamba mama apunguze simu na baba apunguze mkono. Apunguze! Kana kwamba ni chumvi. Marie-Claire aliandika hilo pia, neno kwa neno. Kisha akawasomea kurasa zote tatu kwa sauti, polepole, wazee wakaitikia kwamba ndivyo ilivyosemwa, wote wakasaini. Désiré alisaini kwa ile sahihi yake yenye mkia mrefu. Nakala zikagawiwa, na ile ya kwanza ikabaki kwa katibu, kama ilivyo desturi.

Wiki tatu baadaye Désiré alimvunja vidole viwili vya mkono wa kushoto. Jumanne iliyofuata, bwana akiwa kazini ghalani, Marie-Claire alimchukua Noé, nguo zake za shule, pasi za kusafiria na faili lake la karatasi, akaondoka. Walipokelewa katika nyumba ya hifadhi ya wanawake. Iko upande wa Koekelberg, na hiyo inatosha. Anwani yake haitajwi, hata hapa.

Mfanyakazi wa hifadhi aliyempokea anaitwa Berthe, mwanamke wa Lubumbashi, mcheshi, mwenye sauti ya kusikika ghorofa ya tatu. Jambo la kwanza alilofanya Berthe ni kunyoosha kiganja apewe kadi ya simu.

"Tupa iyi puce, maman. Minakupatia ingine leo leo, donc hatakupata tena."

"Hapana," akasema Marie-Claire.

Berthe alidhani hakusikia vizuri. Wanawake wanaofika pale siku ya kwanza huitikia kila kitu.

"Hapana. Ile numéro haitupwe. Jémima hana ingine."

Akaeleza. Berthe akarudisha kiganja chake. Jioni hiyo ikaingia meseji ya Désiré. Alikuwa anajua pa kubana. Ukirudi, aliandika, simu yako inabaki. Usiporudi, tarehe thelathini ninakata laini. Jémima atapiga kwa nani? Marie-Claire aliisoma akiwa amesimama, akakaa sakafuni hapo hapo kwenye korido. Aliogopa kuliko siku ya vidole, na anakiri hivyo mpaka leo.

Kesho yake walikwenda duka la kampuni ya simu. Kijana wa kaunta alikuwa na adabu, na adabu yake haikusaidia kitu. Namba ni ya mwenye mkataba. Kuihamisha lazima mwenye mkataba asaini.

"Hata kama mwenye mkataba ndiye aliyefanya hivi?" Marie-Claire akainua mkono wenye bandeji.

Kijana akawa mwekundu. Alimpigia mkubwa wake, akarudi na jibu: sahihi ya bwana, au uamuzi wa mahakama.

"Alors, mahakama," akasema Berthe, kama mtu aliyeambiwa mkate uko duka la pili. "Twende."

Wakapata wakili asiyelipwa na mteja, Maître Myriam, binti wa Wakatanga aliyekulia hapa hapa. Alieleza kwamba wanandoa wakifikia hapo, sheria inampa hakimu wa familia uwezo wa kuamua haraka mambo ya nyumba: nani akae wapi, nani atumie nini, nani asimkaribie nani. Watu huomba nyumba, huomba gari. Namba ya simu haombwi kila siku, lakini hakuna kinachokataza kuiomba. Shida ni ushahidi. Bwana atasema laini ni yake na hakumgusa mtu. Na hospitalini, mara mbili za mwanzo, Marie-Claire mwenyewe alisema ameanguka kwenye ngazi.

"Una karatasi yoyote?" akauliza Maître Myriam. "Chochote kilichoandikwa?"

"Niko na PV."

"Ya polisi?"

"Ya tonton Sylvestre."

Wakili hakuelewa, mpaka alipofunguliwa lile faili. Alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, akavua miwani na kumwangalia yule mwanamke mdogo aliyeketi mbele yake na mkoba magotini.

Kesi ilisikilizwa tarehe ishirini na nane, milango imefungwa, kama kesi za familia zinavyosikilizwa. Désiré alikuja na suti ya harusi, ananukia vizuri. Alizungumza vizuri pia. Laini ile, alisema, ni ya mama yake mzazi. Mke aliazimishwa tu miezi michache. Kuhusu kupiga, hajawahi kuinua mkono, yeye ni mtu wa kanisa.

Maître Myriam akampa hakimu kurasa tatu.

Hakimu, mama wa makamo mwenye mafua, alisoma kwa muda mrefu. Chumbani ilisikika pua yake tu. Kisha akaigeuza karatasi.

"Bwana, sahihi hii ni yako?"

Ule mkia mrefu ulikuwa unaonekana toka mlangoni.

"Ndiyo, lakini hayo yalikuwa mambo ya familia," akasema Désiré. "Na ni yeye mwenyewe aliyeandika!"

"Naona. Na wewe ukasaini, pamoja na wazee wanane." Hakimu akamgeukia Marie-Claire. "Bibi, uliandika ukiwa mlalamikaji. Nitajuaje kwamba hukujipendelea?"

Hapo Maître Myriam alitaka kusimama, lakini mteja wake alikuwa ameshajibu, kwa sauti yake ile ile ya chini.

"Angalia ukurasa wa pili, Madame le juge."

Hakimu akafungua ukurasa wa pili. Hapo, kwa mwandiko ule ule usioinama, palikuwa na yote aliyoshtakiwa Marie-Claire: kwamba aliunguza maharage mara mbili akiwa kwenye simu, kwamba alimjibu mama mkwe vibaya siku ya Pasaka ya mwaka uliotangulia, kwamba ni mkaidi. Na chini ya hilo la mama mkwe katibu alikuwa ameongeza: *mke anakubali kwamba ni kweli*. Hakuwa amejifichia hata moja. Hakimu alisoma mpaka mwisho, akapenga kamasi, na hakuuliza tena kuhusu uandishi.

Uamuzi ulitoka kesho yake, tarehe ishirini na tisa. Désiré asiwakaribie. Anwani ya mke isionekane kwenye karatasi yoyote atakayopewa. Laini isikatwe, na kampuni iihamishie kwa jina la Marie-Claire itakapoonyeshwa hukumu. Berthe alipiga kigelegele kwenye ngazi za mahakama, askari mmoja akaja kuuliza kuna nini.

Dukani alikuwepo kijana yule yule. Aliisoma hukumu, akaandika mkataba mpya wenye laini moja, akamwonya kwamba wakati wa kuhamisha simu itakuwa kimya kwa saa chache. Marie-Claire alikwenda kukaa uwanja wa Flagey, karibu na maji, simu kiganjani, bila mtandao. Anasema zile saa chache zilikuwa ndefu kuliko kesi yote. Saa tisa na dakika kumi alama za mtandao zikarudi, akalia mbele ya watu waliokuwa wanakunywa kahawa, wala hakujali.

Wa kwanza kuipiga namba hiyo alikuwa tonton Sylvestre, amewaka.

"Maman Noé, umepeleka mambo ya famille mu tribunal!"

"Tonton, mimi niliandika tu," akajibu kwa heshima zote. "Ninyi njo mulisema. Na mulisaini."

Tonton akakata. Sikia sasa: kanisani wapo kina mama wawili ambao, tangu habari hiyo ienee, wamemfuata baada ya ibada na kumuuliza kwa kunong'ona PV inaandikwaje. Anawafundisha kwenye benchi la nyuma, kwa subira. Andika tarehe, anawaambia. Andika nani alisema nini, hata kilichosemwa juu yako, hasa hicho. Wasomee. Wasaini. Watu wa namna hii hawajengewi sanamu, na mimi ningependa wajengewe.

Ana nyumba yake ndogo sasa, yeye na Noé. Vidole vimepona, kimoja kimebaki kigumu kidogo. Orodha ya simu inakuja kwa jina lake kila mwezi, na haichapishi. Amekwishaandika kwa mashirika yanayotafuta watu waliopotezana vitani, barua nne mpaka sasa.

Jémima bado hajapiga. Lakini siku atakapopata simu ya kuazima, akabonyeza ile namba moja iliyo kichwani mwake, itaita.