Zamu ya Eufrasia Kuomba Mvua

Saa moja kasoro robo asubuhi, jua halijakomaa, na Eufrasia Mkude ameshakasirika. Amesimama ndani ya jaruba la chumvi, maji yakimfika vifundoni, reki ya mbao mkononi, anatazama wingu.

"Lione," anasema. "Limekaa tu hapo, kama mgeni asiyetaka kuaga."

Kwingine wingu hilo lingepigiwa vigelegele. Kwa Eufrasia, mwenye miaka arobaini na saba, ni balaa. Chumvi inayoganda chini ya maji haya inataka siku tatu za jua kali kabla ya kukwanguliwa. Mvua ya nusu saa inatosha kuirudisha kuwa maji, na jaruba halifunikwi turubai.

Miaka kumi na tisa amefanya kazi hii nje kidogo ya mji wa Bagamoyo, kwa ujira wa shilingi elfu mbili kila mfuko. Msimu huu mwenye mashamba amesema wazi: asiyefikisha mifuko mia, jaruba lake anapewa mwingine. Eufrasia ana sitini na minane. Iliyobaki yote imo humo majini.

Sasa sikia kinachomuudhi. Leo ni Alhamisi, na jumuiya yao ndogo ya Kikatoliki inasali nyumbani kwake, mtaani Dunda. Jumuiya huzunguka nyumba kwa nyumba, na mwenye nyumba ndiye husoma Injili, kutoa tafakari na kuongoza nia ya siku. Zamu haikimbiwi. Na nia ya leo, iliyotangazwa parokia nzima, ni kuomba mvua.

"Mimi ndiye niombe mvua," anasema, na kuitupa reki juu ya tuta. "Hebu niambie, kuna akili hapo?"

Wala si mara ya kwanza. Mwaka jana zamu yake iliangukia wiki kama hii. Akaomba kama alivyoambiwa, macho kafumba, kwa utii wote. Jumamosi ikanyesha, jaruba zima likaenda na maji. Wanajumuiya walikuja kumpa pole, na mmoja akamshauri aichunguze imani yake, huenda aliomba bila kuamini.

"Nikamwuliza, kama niliomba bila imani, mbona ilinyesha? Akaomba chai."

Tangu siku ile Biblia haikai mbali naye. Huitia kwenye mfuko wa nailoni isiliwe na chumvi, na mchana, wakipumzika bandani, huifungua. Anatafuta mtu yeyote aliyepatwa na jambo kama lake. Amemsoma Eliya aliyeomba mvua ikaja. "Sijaona mahali walipowauliza watu wa chumvi," anasema.

Katekista wao, mzee mpole, alimwelekeza kwenye fundisho la Yesu kwamba mvua huwanyeshea wema na waovu. Eufrasia alilisoma mara tatu.

"Nikamwambia, mzee wangu, hilo si jibu. Hiyo ni taarifa ya hali ya hewa."

Na wakimwambia Mungu ana mpango, ndipo wanapomtibua kabisa. "Anao, sibishi. Ila mbona mpango wenyewe kila mara unaanzia kwenye jaruba langu?"

Anayemwelewa ni Mwanamkasi, Mwislamu wa hapa hapa Bagamoyo, anayevuna jaruba la jirani. "Na sisi kesho Ijumaa tumetangaziwa swala ya mvua," anasema huku akicheka. "Mwenzangu, tumezingirwa."

Eufrasia hacheki. Angekuwa na wa kumlaumu, mambo yangekuwa mepesi. Lakini mama yake mzazi, Bi Kornelia, analima Ubena, mbele ya Chalinze. Vuli imechelewa na mahindi yake yamejikunja. Kila asubuhi hupiga simu, na leo pia amepiga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huko mnaomba?"

"Tunaomba, mama."

Saa kumi alasiri watu kumi na wawili wamekaa mkekani, sebuleni kwa Eufrasia. Anasoma Injili ya Yesu aliyelala chomboni huku wenzake wanazama. Tafakari yake ni fupi: wale wanafunzi hawakumwamsha kwa adabu, walimwamsha kwa kumlalamikia, naye akaamka. Kisha anafumba macho.

"Bwana Yesu, parokia inataka mvua. Mama yangu anataka mvua. Mimi siitaki, na unajua, siwezi kukudanganya mbele za watu. Mpe mama yangu mvua. Mimi sijui utanifanyaje. Nimechoka kukuuliza. Amina."

Katekista anakohoa. Mama mmoja anaguna na kuuliza kama hiyo kweli ndiyo nia ya parokia.

"Ndiyo niliyo nayo," Eufrasia anamjibu. "Wanasema sina imani. Mtu usiyemwamini unagombana naye wa nini? Unamwacha aende zake."

Ijumaa kutwa yeye na Mwanamkasi wanakwangua chumvi ambayo bado haijakauka vizuri, mgongo haunyooki. Mifuko ya Eufrasia inafika themanini na mmoja. Jumamosi asubuhi mvua inashuka, Ubena na Bagamoyo kwa mpigo mmoja. Eufrasia anakaa bandani akitazama chumvi ya mifuko kumi na tisa iliyobaki ikiyeyuka mbele ya macho yake.

Simu inaita. Ni mama yake, anapaza sauti kushinda mvua ya kwao. Mahindi yameinuka, anasema. Mungu amewasikia. Huko mliomba vizuri, mwanangu.

"Ndiyo, mama," anasema Eufrasia. "Nilikuombea." Anakata simu, anajifuta uso kwa upande wa khanga.

Baadaye anasema Jumatatu atakwenda kwa mwenye mashamba kumwomba amwachie jaruba msimu mmoja zaidi. Na jumuiya?

"Alhamisi nitakwenda, niache kwa nini? Huyo mwenye mashamba nitambembeleza. Yesu simbembelezi. Nitamwonyesha jaruba lilivyo, aseme yeye."