Bethuel Alivyokwenda Kukanyaga Ikweta

Bethuel alinunua begi la mgongoni akiwa na miaka hamsini na minane. Lilikuwa la kijani, refu kama mtoto wa darasa la pili, lenye mikanda kifuani na kiunoni. Alilivaa sebuleni kwa shemeji yake Magdalene, pale Perry Barr, ughaibuni, akageuka huku na huku ili aonekane vizuri.

“Shemeji, unahama?” Magdalene aliuliza.

“Nakwenda Quito, kule Ekuador. Wiki mbili. Nitalala hosteli na vijana, nitembee kwa miguu.”

Magdalene akamtazama magoti.

Miaka ishirini Bethuel amefanya kazi katika nyumba ya wazee, akiwaogesha watu wasiokumbuka jina lake. Mmoja wao, Mzungu aliyezunguka Amerika Kusini ujanani, alimjaza masikio hadithi za makanisa ya dhahabu. Mzee akafa, na Bethuel akajiona ndiye mrithi wa miguu yake. Kaka yake, marehemu mume wa Magdalene, alikuwa mwalimu mkuu, mtu asiyetoka nyumbani bila kujua anakokwenda. Tumbo moja hilohilo.

Ila kaka hayupo, na hapo ndipo penye taabu. Jumamosi ya mwisho wa safari hiyo, wakwe walikuwa wanakuja kutoka Leicester kumposa Cheryl, binti pekee wa marehemu. Kwa desturi ya kwao, wageni wa posa hawatamki haja yao mpaka mwanamume wa nyumba awaulize. Wasipoulizwa hunyanyuka wakaenda zao, na nyumba ile husemwa haina mwenyewe. Mwanamume aliyebaki ni Bethuel.

“Alhamisi niko hapa,” aliapa.

Magdalene akawaambia wakwe kwamba shemeji amekwenda mkutano wa wahudumu wa wazee. Hakuwa mtu wa kusema uongo. Lakini angesemaje? Kwamba msemaji wa ukoo yuko kitanda cha ghorofa, juu ya kijana asiyemjua?

Siku ya tano picha zikaingia katika kundi la WhatsApp la harusi, na wakwe wote wamo humo. Bethuel mlangoni mwa kanisa la Wajesuiti. Bethuel katika uwanja wa mji mkongwe, begi kubwa mgongoni na jingine dogo tumboni kwa kuogopa wezi, kama mama wa mapacha. Kisha Bethuel ndani ya kaptura, mguu huku na mguu kule wa mstari uliochorwa chini, na maneno yake: “Leo nimekanyaga ikweta.”

Mtu huyu kazaliwa Maseno. Ikweta inapita kwao. Utoto wake wote aliivuka akienda kuchota maji, wala hakuwahi kusimama kuitazama. Sasa amevuka bahari kwenda kupiga picha na jirani yake.

Jioni hiyo Baba Ronny, baba wa bwana harusi, akapiga simu. “Mama Cheryl, huo mkutano wanahudhuria na kaptura?”

“Nadhani kuna joto.”

“Nimeangalia. Nyuzi kumi na nne.”

Alhamisi hakuonekana mtu, ukaja ujumbe tu. Asubuhi ya kusafiri, Bethuel alikuwa amepanda ngazi zote za mnara wa basilika. Mji ule uko juu sana milimani; kichwa kikamzunguka, akalala, ndege ikaondoka. Nyingine ni Jumapili. Akamalizia: “Niombeeni.” Magdalene hakumwombea.

Jumamosi wakwe sita wakaketi sebuleni. Chai ikamiminwa, hakuna aliyeigusa. Walizungumzia barabara, wakazungumzia mvua, mpaka maneno yakawaishia. Baba Ronny akatazama saa, akachukua kofia yake.

“Mama Cheryl, labda tuje siku nyingine, mwenyewe akiwepo.”

Magdalene akamwona Cheryl mlangoni, ameshika sinia, uso umempauka. Akasimama, akaenda kuketi kwenye kiti cha marehemu.

“Shemeji yangu hakwenda mkutano,” alisema. “Alikwenda kuzurura. Niliwadanganya kwa kuona aibu, naomba radhi. Nyumba hii ina mwenyewe, na ndiye huyu mnayemwona. Sasa nawauliza: wageni wetu, mmekuja kutafuta nini?”

Mke wa Baba Ronny akamgusa mumewe kiwiko. “Umeulizwa, mzee. Sema.”

Baba Ronny akaweka kofia chini, akasimama, akakohoa. “Tumesikia hapa kuna binti,” akaanza, na akaendelea mpaka mwisho, kama ipasavyo.

Walikuwa mezani simu ilipolia. Ni Bethuel kwa video, ameinama chini ya kitanda cha juu, amefunga tai juu ya fulana.

“Shemeji, nipe wageni niwaulize.”

“Wameshaulizwa, wameshajibiwa, wanakula,” Magdalene akasema. “Wewe endelea kutembea.” Akakata simu, akampakulia mkwe wake kuku.